Neno la Kuazima Kibarazani

Laurel Lick, West Virginia
Jumapili, 24 Aprili 2022

Kwako Wendell, mjukuu wangu,

Mimi mzima. Goti la kushoto linanisumbua kukiwa na mvua, na mvua haijakata tangu Pasaka, kwa hiyo jaza mwenyewe. Kuku wanataga. Shangazi yako Delphia amekata nywele fupi kama askari na anazunguka akitaka asifiwe. Sijamsifu. Jana kanisani tulikuwa na karamu ya vitunguu vya msituni, tukavila na viazi na nyama ya nguruwe, na leo ibada nzima ilinuka. Mchungaji alihubiri akiwa ametazama dirishani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ya ukutani unanijibu "sawa, Bibi", "ndiyo, Bibi", kama mtu aliyeitwa na karani. Kwenye karatasi utalazimika kujaza mistari. Na usiniambie huko melini unakofanya kazi hakuna posta. Wewe mwenyewe ulinisimulia kwamba boti ya posta inawakuta mkipita Detroit na barua zinavutwa juu kwa ndoo na kamba. Basi na ya kwako itie humo humo kwenye ndoo.

Sasa jambo lenyewe. Ile kompyuta uliyoniachia Februari, ulipokuja kwenye ile likizo yako ya chuo ambayo mpaka leo sijui ilikuwa likizo ya nini, naitumia. Ule mchezo wa bonde na kondoo naucheza. Saa moja kwa siku, nikishalisha kuku, haizidi. Sishindani na mtu. Nina kondoo kumi na wanne, zizi, na rundo la kuni ambalo babu yako angelionea wivu.

Wiki tatu zilizopita niliona tangazo kwenye ule ubao wa mchezo: "Kibaraza kinatafuta wakaaji. Njoo ukae, ufikiri, uongee. Hakuna haraka." Nikasema, haya ndiyo mambo. Kibarazani nimekaa miaka sitini, hakuna wa kunifundisha. Nikabonyeza.

Wako saba, mimi wa nane. Mwenye kikundi ni mzee Thaddeus, aliyekuwa dereva wa treni kule Manitoba. Wanakutana mchezoni Jumamosi mchana, wanapasua kuni pamoja, wanalinda kondoo wa kila mtu dhidi ya mbwamwitu, huku wanaongea kwa kuandika. Siku ya kwanza Thaddeus akaniuliza, "Mgeni, kwako kibaraza ni nini?" Nikamjibu: "Ubao wa tatu wa sakafu umeoza. Wa nyumbani wote wanajua kuuruka. Mgeni ndiye anayetumbukia. Sijautengeneza, maana kwa huo namjua nani ni wa nyumbani."

Basi wakanyamaza wote. Nikadhani waya wa intaneti umekatika. Kisha mwalimu mmoja wa Texas, Ximena, akaandika kwamba machozi yanamlengalenga. Kwa ubao, Wendell. Nikamwambia, "Pole, mama."

Ni watu wa adabu. Ila wakati mwingine wanaongea maneno ambayo sijui wameyatoa wapi. Nieleze.

Kula mboga.

Bibi yako,
Orpha

*

Melini, Ziwa Superior
15 Mei 2022

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kuku wanataga. Pole na goti. Mimi sijambo. Barafu imekwisha ziwani, tunapakia mawe ya chuma Duluth na kuyashusha Ohio, tunarudi, tunapakia tena. Mpishi wetu ni mtu wa Michigan, anatupa supu ya mbaazi kila Alhamisi na anakasirika ukiiongezea chumvi kabla hujaionja. Mwambie Shangazi Delphia nywele zimempendeza. Najua sijaziona.

Bibi, nimecheka mpaka bosi wa sitaha akaniuliza kuna nini. Hicho si kibaraza cha kukaa na kuangalia magari. Hao ni watu wa falsafa. Zamani sana Ugiriki kulikuwa na walimu waliofundishia chini ya baraza la sokoni, na wafuasi wao wakaitwa watu wa barazani. Walikuwa wakijiuliza mtu aishije, nini kiko mikononi mwetu na nini hakiko. Kikundi chako kimechukua jina kwao. Ulipowatajia ubao uliooza walidhani ni fumbo. Wa nyumbani ni mwenye hekima, mgeni ni asiyejijua, ubao ni sijui nini, mauti labda.

Waambie tu ukweli, watacheka na wao. Ni kikundi kizuri kwa ulivyokieleza.

Mboga nakula.

Wendell

*

Laurel Lick
Jumamosi, 28 Mei 2022

Wendell,

Barua imefika na kipande cha uzi wa ndoo kimeganda kwenye gundi. Tumshukuru Mungu. Huku tuko salama. Bwana Hoover wa darajani amehamia kwa binti yake Ohio, kwa hiyo sasa kwenye hii barabara kuna mimi na nyumba ya Delphia, na Delphia mwenyewe yuko kazini siku tano. Magari yanayopita nayahesabu kwa vidole na vinabaki.

Siwaambii. Kwa nini niwaambie? Sijadanganya mtu. Mimi nilisema ubao, wao wakasikia mauti, shauri yao. Sasa kila nikiandika neno wanalitafakari. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo nasema machache, na Ximena anasema huo ni "ufupi wa mtu aliyefika". Aliyefika wapi? Lakini sikumkatalia. Kuna kijana mmoja humo anajiita Nyundo, yuko Ontario, yeye hupenda kuulizauliza. Wiki iliyopita akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia nilisoma ya kunitosha. Na ni kweli, yalinitosha.

Sasa sikiliza vizuri. Mwanachama mpya anakaa kwa majaribio. Kabla theluji ya kwanza haijaanguka ndani ya mchezo lazima aongoze kikao kimoja, alete hoja aliyoiandika, aitetee. Akifaulu anapewa kiti cha kudumu. Akishindwa anaagwa kwa heshima na kondoo wake. Mimi nimepangiwa Jumamosi ya tarehe nane Oktoba. Hoja niliyopewa ni hiyo hiyo yako, nini kiko mikononi mwetu.

Hicho kiti nakitaka. Sitasema mara mbili.

Wewe umesomea mambo haya miaka mitatu na nusu, na kanisa zima linajua kwa sababu nimewaambia. Niandikie ukurasa mmoja, kwa maneno ya kwao, nami nitaunakili. Muda unao mpaka Oktoba.

Na chuo kinafunguliwa lini? Mchungaji ananiuliza.

Bibi Orpha

*

Melini, karibu na Sault Ste. Marie
26 Juni 2022

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua imekata na goti limetulia. Mimi sijambo, nimeungua shingo kwa jua, mpishi amenipaka siki. Nimesikitika Bwana Hoover amehama. Alikuwa akinipa matufaha ya kijani na kuniambia nisikuambie.

Kuhusu ule ukurasa, naona ungeuandika mwenyewe. Wanakupenda kwa unavyosema. Ukianza kusema kama mtu mwingine watashangaa. Nafikiri ni bora hivyo, Bibi. Kweli.

Tunapita mageti ya maji ya kupandishia meli sasa hivi, lazima niende kwenye kamba.

Wendell

*

Laurel Lick
Jumapili, 10 Julai 2022

Wendell Cutlip,

Sina habari za kukupa. Kuku wapo, goti lipo.

Nimekusoma mara mbili nikitafuta sababu, sikuiona. "Naona ungeuandika mwenyewe." Naona. Mimi nilipokuwa naamka kukuwekea kifungua kinywa kabla ya basi la shule, miaka kumi na miwili, niliwahi kukuambia naona ungejipikia mwenyewe? Ulipotaka kwenda chuo na mjomba wako akasema falsafa haitengenezi bomba, nani alimwambia anyamaze mezani kwangu? Na yeye alikuwa ndiye ameshika bakuli la mchuzi.

Sikuombi figo. Nakuomba ukurasa.

Au vitabu vimekufanya mkubwa mno? Unaona aibu bibi yako akae na watu wa vitabu? Sema. Huwa nasema vya kwangu, na wewe sema.

Na hukunijibu chuo kinafunguliwa lini.

Orpha

*

Melini, bandari ya Duluth
14 Agosti 2022

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilisubiri Detroit wiki tatu kwa sababu tulipelekwa njia ya Chicago. Samahani kwa kuchelewa. Sikuonei aibu hata kidogo. Tafadhali usifikiri hivyo.

Nimekuwekea maswali matano kwenye karatasi ya pili. Ukiyajibu moja moja kwa maneno yako, hoja itajitokeza yenyewe. Kwa mfano la kwanza: ulikasirika lini mara ya mwisho kwa jambo ambalo hukuweza kulibadili? La pili: ni jambo gani uliweza kulibadili na hukulibadili? Mengine yako hapo. Najua hiki sicho ulichoomba. Ndicho ninachoweza.

Huku kuna joto. Nimesoma kitabu kimoja cha mpishi kuhusu samaki.

Wendell

*

Laurel Lick
Jumatatu, 5 Septemba 2022

Wendell,

Maswali ninayo ya kwangu. Kwa mfano la kwanza: shule zote zimefunguliwa, na vijana ambao Delphia aliwafundisha kanisani wamekwenda chuoni Morgantown na mabegi yao, mbona muhuri wa barua yako bado ni wa melini? La pili: nini hicho unachoweza na usichoweza?

Jumamosi iliyopita Nyundo alisema anangoja Oktoba kwa hamu, anataka "kuona kina cha Orpha". Nimekaa nimeangalia ile karatasi nyeupe siku nne. Naandika mstari, naufuta. Herufi zenyewe siziamini. Babu yako ndiye aliyekuwa akiandika kila kitu hapa ndani, risiti, kadi za Krismasi, kila kitu, na wewe hukujua kwa sababu tulihakikisha hujui.

Nimesema mengi kuliko nilivyotaka. Sitayafuta kwa sababu karatasi iliyobaki ni hii moja.

Kama hutaki, usiandike tena kabisa.

Orpha

*

Melini, Mto Detroit
25 Septemba 2022

Bibi,

Ukurasa huu hapa. Utafika kabla ya tarehe nane.

W.

*

Laurel Lick
Jumapili, 9 Oktoba 2022

Wendell, mjukuu wangu,

Tuko salama. Majani yamegeuka rangi, Delphia na mimi tumechemsha jamu ya tufaha kwenye sufuria kubwa ya nje, mitungi arobaini na mmoja, wa arobaini na mbili aliudondosha yeye na anasema ni mimi. Kanisa ni lile lile.

Sasa nikueleze ya jana, na nitaeleza yote, kwa hiyo usirukeruke mistari.

Ukurasa wako ulikuwa mzuri. Najua ni mzuri kwa sababu sikuuelewa. Nilianza kunakili saa nane mchana, kidole kimoja, wote saba wamekaa kuzunguka moto, kondoo wametulia. Nilikuwa nimefika mstari wa tisa, ule unaosema kwamba utashi wa kimantiki ndio ngome pekee isiyovamiwa. Ximena akaandika, "Orpha, nisamehe nakukatiza. Utashi hapa una maana ya kutaka, au ya kukubali?"

Nikatazama karatasi yako. Haikuwa imeandikwa hapo.

Nikaandika, "Kutaka."

Nyundo akaandika, "Basi mstari wa nne unaupinga huu. Pale ulisema kutaka hakuko mikononi mwetu. Uchague."

Wendell, nilichungulia mstari wa nne kama mtu anayechungulia kisima. Thaddeus akaandika, "Hakuna haraka, Orpha." Na hilo ndilo lililonimaliza, maana lilikuwa jema.

Nikaandika: "Sijui. Haya hakuandika Orpha. Ameandika mjukuu wangu, kwa sababu nilimlazimisha. Mimi niliacha shule darasa la tano. Neno utashi nimelijua leo."

Safari hii nilijua waya haujakatika.

Nyundo akaja mbio. "Yaani miezi sita tumekuwa tukinukuu maneno ya kuazima? Na ule ubao? Ule nao aliuandika nani?"

Nikamwambia, "Ubao ni ubao. Uko hapo nje, njoo utumbukie."

Mtu mmoja akacheka, sikujua nani, kwenye maandishi kicheko hakina sauti ya mtu. Ximena hakusema kitu. Huyo ndiye aliyeniuma. Nyundo akasema lake lilikuwa wazi, nitolewe, na sitaki umchukie kwa sababu kwa sheria yao alikuwa sawa.

Thaddeus akasoma sheria. Aliyeleta neno la mtu mwingine akalifanya lake anashuka ngazini. Wiki nne anakaa kwenye ngazi za kibaraza, anasikia yote, haruhusiwi kusema neno, na zamu zote za mbwamwitu ni zake. Wiki nne zikiisha ataongoza tena kikao, mara moja tu, kisha watapiga kura. Akaniuliza kama nakubali au nachukua kondoo wangu niondoke.

Nimekubali. Mimi, Orpha Cutlip, kukaa wiki nne bila kusema. Delphia anasema angelipa kiingilio kuona.

Sasa mimi nimesema langu, mbele ya watu saba, na sikufa. Zamu yako. Februari haikuwa likizo. Septemba imepita na wewe bado uko kwenye kamba. Nimejua tangu Agosti na zaidi ya kuuliza mara moja nilikaa kimya, kitu ambacho unajua hakiko katika damu yangu. Andika.

Bibi yako

*

Melini, Ziwa Huron
30 Oktoba 2022

Bibi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne. Mpishi anauliza kama nimepata mchumba.

Chuo kilinisimamisha Februari. Sikufeli. Niliandika kazi za watu. Wa kwanza alikuwa mwenzangu wa chumbani, baba yake amelazwa hospitali, akaja ameshika kichwa, akasema wewe unajua haya mambo, mimi nitaanguka. Nikamwandikia ukurasa mmoja. Akamwambia mwingine. Kufikia Krismasi nilikuwa nimeandika kazi kumi na moja zenye majina ya watu wengine juu. Hakuna aliyenilipa hata senti. Nilipenda tu kuombwa. Mtu akija mlangoni akasema wewe ndiye unayeweza, nilikuwa siwezi kufungua mdomo nikakataa.

Mwalimu wangu alizitambua zote kwa sababu ya koma. Anasema naweka koma kama mtu anayepanga vikombe. Aliniita, akaziweka kumi na moja mezani, akauliza zipi ni zangu. Nikasema zote. Walinitendea haki. Mwaka mmoja nje, kisha naruhusiwa kuandika barua ya kuomba kurudi. Mwaka unaisha Februari. Sijaandika kwa sababu kila nikianza nasikia ninavyojua kuandika vizuri, na simwamini anayeandika.

Ulipoomba ule ukurasa nilijua ningesema hapana. Nilikuwa nimejiapia. Nikasema hapana ndogo, halafu nyingine ndogo, na sikukuambia sababu kwa kuwa ulikuwa umeshaliambia kanisa zima. Kisha ukaniandikia ile ya babu, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiandika. Nikaandika ule ukurasa kwa dakika arobaini, nimesimama, kwenye chumba cha injini. Ulikuwa wa kumi na mbili.

Sikulaumu, Bibi. Nakueleza tu.

Wendell

*

Laurel Lick
Jumapili, 27 Novemba 2022

Wendell, mjukuu wangu wa pekee,

Huku theluji imeanguka ya kweli, vidole vinne. Mjomba wako amepiga kulungu siku ya pili ya msimu na amejaza friza yangu bila kuuliza. Sikukuu ya Shukrani tulikuwa watu sita, kwenye kiti chako niliweka koti ili Delphia asiweke mkoba wake. Mwenye goti ni mzima. Wewe vaa soksi mbili.

Barua yako ilifika Jumatatu ya tarehe saba. Niliisoma nimesimama jikoni na nikaunguza mkate wa mahindi. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira na wewe. Siku ya pili nilikuwa na hasira na yule mwenzako wa chumbani, na bado ninayo kidogo. Siku ya tatu nikaenda kutoa mayai, nikiwa na kapu mkononi nikaelewa nilichofanya. Mtu amejiapia ameacha, na wa kwanza kumrudisha ni bibi yake, kwa maneno ya mchuzi na basi la shule. Nilikuomba kitu kile kile kilichokutoa chuoni, na ulipokataa nikakuita mkubwa mno. Lile lilikuwa kosa langu. Sitaliandika tena, kwa hiyo likate ulitunze.

Wiki nne za ngazini nilizimaliza tarehe tano. Nimeua mbwamwitu thelathini na wawili. Wiki ya tatu Nyundo alisema jambo la kipumbavu sana kuhusu huruma na nilikalia mkono wangu wa kulia mpaka ukafa ganzi.

Kikao cha pili kilikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, siku tano tangu nikusome. Sikuandika kitu kabla. Sikutaja jina lako wala meli, usiogope. Niliandika moja kwa moja, kidole kimoja, herufi zikiwa zimekaa zilivyotaka kukaa:

"Bibi mmoja alimwomba mtu wake kitu kibaya. Hakukiita kibaya, alikiita msaada. Yule mtu akatoa kwa sababu anampenda. Mnasema kuna vitu viko mikononi mwetu na vitu haviko. Sasa nauliza. Hicho kibaya kiko mkononi mwa nani? Aliyeomba au aliyetoa?"

Basi nikanyamaza. Nilikuwa nimezoea.

Walibishana saa mbili na nusu. Kuni hazikupasuliwa. Ximena akasema kiko kwa aliyetoa, kwa maana kinywa kilikuwa chake na angeweza kukataa. Thaddeus akasema alipokuwa dereva wa treni bosi alimwomba aendeshe saa kumi na sita mfululizo na aliendesha, na mpaka leo hajui aliyeomba alikuwa bosi au yeye mwenyewe aliyependa kuitwa mtu wa kutegemewa. Alipoandika hivyo nilikukumbuka na mlango wako wa chuoni. Nyundo akaniuliza, "Orpha, na wewe unasemaje? Hoja bila jibu si hoja."

Nikaandika: "Kiko kwa wote wawili, kizima kizima. Hakigawanyiki nusu kwa nusu kama mkate. Aliyeomba abebe chote kana kwamba mwenzake hana kitu, na aliyetoa abebe chote kana kwamba hakuombwa. Na asibebe mmoja cha mwenzake, maana hapo ndipo uongo unapoanza tena."

Nyundo akajibu, "Hiyo inajipinga. Kitu kimoja hakiwi kizima mikononi mwa watu wawili."

Nikamwambia, "Wewe bado hujaoa."

Wakapiga kura. Sita ndiyo, moja hapana. Hapana ni ya Nyundo, na alitaja sababu, kwamba hoja haijakaa sawa na anataka tuendelee nayo Desemba. Namheshimu kuliko wote sita. Kiti ninacho. Kiko karibu na moto, upande wa kushoto, na mtu akitaka kukikalia atanikuta.

Kanisani nimewaambia. Si yote. Nimesimama wakati wa maombi nikasema mjukuu wangu hayuko chuoni mwaka huu, yuko melini, alikosea jambo na analirekebisha, na mwenye swali aje kwangu nikimaliza kunywa kahawa. Nikanywa kahawa taratibu. Hakuja mtu.

Sasa hiyo barua ya kuomba kurudi. Iandike kabla ya Krismasi, ukiwa umekaa, si kwenye injini. Koma ziweke unavyoweka, ndizo zako, mwalimu wako anazijua. Usinitumie niisome kwanza. Usimpe mpishi, usimtafute Thaddeus. Ukiniuliza kama mstari wa kwanza umekaa vizuri nitakujibu hapana, sisaidii. Hapana hiyo wewe uliniandikia mara mbili mwaka huu, Juni na Agosti, kwa mwandiko unaosomeka kabisa, na mara zote mbili mimi ndiye niliyejifanya sijui kusoma.

Bibi yako,
Orpha Cutlip, darasa la tano